Mishipa ya buibui miguuni: ekografi kwanza, ndipo sindano

Dada wa Kadutu uliyeuliza kama ile mistari ya zambarau iliyojitokeza nyuma ya magoti yako tangu uzazi wa pili inatibika, na kama krimu wanayokuuzia sokoni inafaa: inatibika, lakini krimu achana nayo. Mishipa hiyo iko chini ya ngozi na imeshapanuka, hakuna cha kupaka kinachoifunga. Hizo franga ziweke kwa ajili ya ekografi, kile kipimo cha picha kinachotumia mawimbi ya sauti.

Nasema hivi kwa uchungu. Nasuka nywele hapa Bukavu mwaka wa 14 huu, kutwa nimesimama. Yangu ilianzia kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, myembamba kama uzi wa kushonea, ikapanda hadi pajani. Nilipomtembelea mdogo wangu Nairobi, kliniki moja ilinichoma sindano siku ile ile, bila kunipima mishipa. Sindano zenyewe haziogopeshi. Nilikuwa natazama: dawa ikiingia, mstari unafifia palepale, kisha ngozi inatutumka kama imeumwa na mbu. Dawa hiyo, polidokanoli, inaunguza ukuta wa ndani wa mshipa, kuta zinashikana, na mwili unaumaliza polepole. Baada ya wiki 6 mguu ulikuwa safi. Mwaka haukuisha, yote ikarudi.

Muganga wa pili ndiye aliyenisimamisha akanipitishia ekografi ya dopla, ile inayoonyesha damu inakoelekea, kuanzia kinenani. Akaminya shavu la mguu, akaachia, na kwenye skrini rangi ikageuka: damu ilikuwa inarudi chini katika mshipa mkubwa wa paja, kwa kuwa vali zake, vile vilango vinavyozuia damu isirudi, zimelegea. Huo ndio uliokuwa unalisha vile vidogo! Akaufunga kwanza kwa joto la mwanga wa leza, kwa uzi mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, ganzi ya mguu peke yake, nikatoka nikitembea. Sindano zikafuata baadaye. Sasa ni mwaka wa tatu, haijarudi.

Leza ya kupigwa juu ya ngozi ni jambo jingine. Weusi wa ngozi yetu nao unafyonza ule mwanga, unaweza kuungua ukabaki na mabaka. Wakikushauri hiyo, uliza kama ni aina ya leza inayoitwa Nd:YAG, yenye mwanga wa nanomita 1064, ndiyo salama zaidi kwetu. Lakini kwa miguu, sindano ndiyo inayotangulia. Nayo iliniachia alama za kahawia kifundoni, zikachukua miezi 8 kufutika, kwa hiyo usishtuke.

Kama una mimba au bado unanyonyesha, subiri. Mingi hupungua yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Kwa sasa tafuta soksi za kubana, uzivae asubuhi kabla mguu haujavimba. Na milima yetu usiilaumu: ukipanda, misuli ya mguu inasukuma damu juu. Kinachotumaliza ni kusimama pale pale.

Ila mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kupata joto, usingoje jibu la mtu hapa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo: damu iliyoganda ndani inaweza kupanda hadi mapafuni.