Mfuko mzima wa DAP pamoja na mbegu ya kanola? Simamisha mashine kwanza

Usipande Jumamosi. Kama mashine imeshafika shambani, iache hapo hapo umalize kusoma kwanza.

Umeandika kwamba una ekari 20 za Mau Narok, Kenya, zilizotoka ngano, mashine ni ile ile ya ngano, na jamaa wa agroveti amekuelekeza uweke mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia ya DAP kwa kila ekari, uchanganywe na kilo mbili za mbegu ya kanola, zao la mafuta, ndani ya sanduku moja, "kwa sababu kanola hupandwa kama ngano tu". Hapo kwenye "kama ngano tu" ndipo watu wanapozika mbegu ghali bila matanga. Ushauri huo huo niliuziwa mimi, neno kwa neno, na aliyeniuzia hakuonekana shambani siku ya kuhesabu miche.

Hesabu kwanza. Mfuko wa kilo 50 wa DAP (18-46-0) una kilo 23 za fosfeti, yaani fosforasi ya mbolea, ile P2O5 inayoandikwa kwenye mfuko, na kilo 9 za nitrojeni. Mashine ya diski inayodondosha mbegu na mbolea kwenye mfereji mmoja mwembamba, udongo ukiwa na unyevu mzuri, kanola huvumilia takriban kilo 9 za P2O5 kwa ekari. Kule Saskatchewan na Alberta, Canada, wanakolima kanola kwa mamilioni ya ekari, mipaka yao inazunguka hapo hapo, na wao hutumia zaidi MAP (11-52-0), mbolea nyingine ya fosfeti ambayo ni pole kwa mbegu kuliko DAP. Kilo 9 za P2O5 ni kama kilo 20 za DAP. Wewe unataka kuweka 50. Ngano, kwa upande wake, huvumilia karibu mfuko mzima, na ndiyo sababu majirani zako wamefanya hivyo miaka yote bila kuona shida. Mbegu elfu moja za ngano zina uzito wa gramu 35 mpaka 45. Za kanola ni gramu 4 au 5. Chakula cha akiba ndani ya punje ya kanola ni kidogo mno. Ikikwama chini siku chache tu, haina nguvu ya kutoka.

Kinachoua ni vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni chumvi. Mbolea ni chumvi, na mfereji uliojaa punje za DAP huvuta maji kutoka kwenye mbegu kama nyama iliyopakwa chumvi inavyotoa maji. Cha pili ni amonia. Punje ya DAP ikianza kuyeyuka, pH (kipimo cha tindikali) ya maji yanayoizunguka hupanda mpaka karibu 8, na sehemu ya amonia hugeuka gesi papo hapo ilipo mbegu. MAP ikiyeyuka huwa na tindikali, pH ya kama 4, kwa hiyo gesi hiyo haitoki kwa kiasi hicho, lakini chumvi iko pale pale. TSP (0-46-0), mbolea ya fosfeti pia, haina nitrojeni kabisa, basi haina amonia, ila nayo si ruhusa ya kumwaga mfuko mzima juu ya mbegu.

Udongo ukiwa mkavu, gawanya kiwango kwa mbili. Ukiwa wa kichanga, punguza pia. Mistari ikiwa mipana, hali inazidi kuwa mbaya, na hapa wengi hukosea kwa sababu wanafikiria kilo kwa ekari peke yake. Mbolea ile ile kwa ekari, ukipanua mistari kutoka sentimita 17 hadi 34, kila mfereji unabeba mara mbili. Mbegu haijui habari za ekari, inajua kilichoigusa.

Dalili zake hudanganya, ndiyo maana kosa hili huishi muda mrefu. Shamba haliungui lote. Mabondeni penye unyevu kanola hutoka vizuri, kwenye miinuko mikavu mistari inakuwa na mapengo, na miche mingine huchomoza wiki moja au mbili baada ya mingine. Mkulima anaona mapengo, anasema ni ndege, ni viwavi wakatao, ni mbegu mbovu. Njiwa wa Mau wamesingiziwa vya kutosha. Chimba kwenye pengo ukitumia kisu, uitafute mbegu. Ndege akiwa ndiye mwizi, hutaikuta. Viwavi wakiwa ndio wenye makosa, utakuta shina limekatwa. Mbolea ikiwa ndiyo iliyoua, utakuta mbegu imevimba, imepasuka, ncha ya mzizi wa kwanza imekuwa kahawia na imekauka, na kando yake kuna punje ya DAP au doa lililobaki baada ya punje kuyeyuka.

Ukirudi dukani na picha za mapengo utaambiwa maneno mawili, na yote mawili ni hasara juu ya hasara. La kwanza: "ongeza mbegu ziwe kilo tatu." Unanunua mbegu ghali za kwenda kuungua, na zinazopona bado zinatoka kwa mafungu, hapa zimebanana, pale hakuna kitu. La pili: "usijali, weka mbegu bila mbolea, DAP utairushia juu baadaye." Huyo anachanganya fosforasi na nitrojeni. Nitrojeni hushuka na mvua. Fosforasi ikiangukia juu ya udongo hukaa hapo. Inasogea milimita chache mpaka sentimita moja au mbili, basi. Mzizi uko chini, mbolea iko juu, na kanola inaihitaji hasa katika wiki nne au tano za kwanza. Mau Narok kuna baridi, udongo ukiwa baridi fosforasi husogea polepole zaidi, na mche mchanga unateseka wakati chakula kipo shambani. Anayeuza mbolea kwa mfuko ana faida kila unaponunua mfuko, iwe mbegu imeota au haijaota. Mchukulie hivyo hivyo.

Sasa kanuni, na hii ndiyo ninayotaka uishike hata kama mengine yote utayasahau: fosforasi iwe karibu na mbegu, isiwe juu ya mbegu.

Kama mashine yako ina bomba la mbolea lenye diski yake, liweke lidondoshe sentimita 3 hadi 5 pembeni ya mbegu na sentimita 3 hivi chini yake. Hapo mfuko mzima haudhuru. Mizizi ya kanola ina tabia nzuri sana: ikikutana na ukanda wa fosforasi huchipua vijizizi vingi mahali pale na kuufyonza. Ukanda ni bora kuliko kurusha, hasa kwa udongo wenu wa volkano, ambao hushika fosforasi na kuifunga. Ukiitawanya shamba zima unaipa udongo nafasi kubwa zaidi ya kuifunga.

Kama mabomba yote mawili yanaishia kwenye diski moja, na mashine nyingi za ngano ziko hivyo, pita mara mbili. Mara ya kwanza weka mbolea peke yake kwa kina cha sentimita 6 au 7. Mara ya pili panda mbegu kwa kina cha sentimita 2, ukienda kwa mshazari kidogo usifuate mifereji ile ile. Ni dizeli zaidi, ndiyo. Linganisha na bei ya mbegu ya ekari 20. Ukitaka fosforasi kidogo ya kuanzia karibu na mbegu, usivuke kilo 10 hadi 12 za DAP kwa ekari, kwa udongo wenye unyevu (zile 20 ni kikomo, usizikaribie), na nyingine yote iende chini. Mbegu isichanganywe na mbolea jioni kwa ajili ya kesho: mbolea huvuta unyevu, mbegu inalala ndani yake, na uotaji unaweza kupungua. Isitoshe, mashine ikitikisika mbegu ndogo hushuka chini ya sanduku na mbolea hubaki juu, kwa hiyo ekari ya kwanza inapata mbegu na ya mwisho inapata DAP.

Usiamini kibao cha mashine kinachoonyesha kilo. Inua gurudumu linaloendesha vipimo, pima mzingo wake na upana wa mashine. Kwa mfano, upana ukiwa mita 3 na mzingo mita 2, kila mzunguko ni mita 6 za mraba, na mizunguko 67 ni kama sehemu ya kumi ya ekari. Tega ndoo au turubai chini ya mabomba yote, zungusha, pima kwa mizani, zidisha kwa kumi. Fanya kwa mbolea, kisha kwa mbegu.

Mbolea za nitrojeni kama salfeti ya amonia, CAN na urea, zote zikae mbali na mfereji wa mbegu. Kanola inapenda salfa kuliko ngano, hilo ni kweli, lakini salfeti ya amonia ni chumvi pia na ina amonia yake. Ukiiongeza juu ya DAP katika mfereji ule ule, zile kilo nilizokutajia hazikulindi tena.

Tena usije ukaogopa mpaka ukapanda bila fosforasi kabisa. Tani moja ya mbegu za kanola huondoka shambani na kilo 18 hivi za P2O5, sawa na karibu kilo 40 za DAP. Usiporudisha, unakopa kwa shamba. Na kumbuka kanola, kama sukuma na kabeji, haishirikiani na wale kuvu wa mizizi wanaoyasaidia mahindi kutafuta fosforasi. Yenyewe inajitegemea kwa vinyweleo virefu vya mizizi na asidi inazotoa kuyeyusha fosfeti. Lakini baada ya msimu wa kanola kuvu hao wanakuwa wamepungua, kwa hiyo ukifuatisha mahindi usiyapande bila mbolea ya kupandia, utayaona yamegeuka zambarau yakiwa bado madogo.

Pima udongo kabla ya yote, sentimita 0 hadi 20, sehemu 15 au zaidi za shamba zichanganywe kuwa sampuli moja. Uliza maabara imetumia Olsen au Mehlich, njia mbili za kupima fosforasi ya udongo, kwa sababu namba 15 kwa njia moja haina maana ile ile kwa njia nyingine. Na pH ikiwa chini ya 5.5, chokaa kwanza, miezi kadhaa kabla ya kupanda. Kwenye udongo wenye tindikali kali alumini hudumaza mizizi na kuifunga fosforasi, na DAP ya miaka yote ya ngano yenyewe, baada ya muda, huongeza tindikali.

Ukishapanda, hesabu wiki ya pili au ya tatu baada ya kuchomoza. Mistari ikiwa sentimita 17.5, miche 10 mpaka 12 kwa mita moja ya mstari ni kama 60 hadi 70 kwa mita ya mraba, vizuri sana. Ikishuka mpaka 7 kwa mita ya mstari lakini imetawanyika sawasawa, usilime upya, kanola hutanua matawi ikajaza. Mapengo ya mita nzima nzima ndiyo hayajazwi na tawi lolote.

Nitumie picha ya chini ya mashine, pale mabomba yanapoingia kwenye diski, pamoja na upana kati ya mistari. Nataka kuona kama mbolea na mbegu zinatoka tundu moja kabla hujamwambia dereva aje.