Maswali na majibu: kunyonga baiskeli ilikopita treni

Safari hii maswali yenu yamejikita kwenye reli za zamani: vyuma vimeng'olewa, lami ikamwagwa, na njia ikaachiwa waendesha baiskeli na watembea kwa miguu.

Niliambiwa njia hizi ni tambarare. Mbona nilichoka kuliko ninavyochoka kwenye barabara ya vilima?

Ni tambarare kwa macho tu. Treni hukanyaga chuma juu ya chuma, na ikikuta mlima mkali magurudumu huteleza. Kwa hiyo wajenzi walikata vilima na kujaza mabonde tuta mpaka mwinuko ukabaki kama mita moja au mbili kwa kila mita 100. Mwinuko huo jicho halioni, ila mapaja yanaujua. Unaweza kupanda kilomita 20 mfululizo huku ukilaumu breki kwamba inakwaruza. (Inua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likizunguka vizuri, breki haina kosa.)

Kwenye vilima vya kawaida ukishapanda unaserereka, miguu inapumzika na makalio yanainuka kitini. Kwenye reli ya zamani hupati hiyo nafasi: ni kunyonga tu, mkao uleule, saa nzima. Wengi hulalamikia miguu, kumbe kilichoumia ni makalio na viganja. Weka gia nyepesi kidogo kuliko unayodhani unahitaji, badilisha mikono inaposhika usukani, na kila baada ya dakika 20 hivi simama juu ya pedeli hata kama hakuna kinachokulazimisha. Na upange safari kwa saa utakazokaa kitini, si kwa kilomita.

Nianzie upande gani?

Kama unakwenda na kurudi, anza na upande unaopanda, ili urudi na mteremko wakati umechoka. Kama ni kwenda tu, tafuta ramani inayoonyesha miinuko kabla ya kukata tiketi. Vennbahn, njia ya lami ya takriban kilomita 125 inayopita Ujerumani, Ubelgiji na Luxembourg, ukianzia Aachen inakupandisha polepole hadi nyanda za juu za Ubelgiji. Anayetoka upande wa pili anateremkia mjini Aachen mwishoni.

Usisahau upepo. Mteremko wa asilimia moja humezwa na upepo wa mbele wala usiuone umekwenda wapi. Pale kilima kilipokatwa kupitisha reli, kuta za udongo zinakukinga. Ukitokea juu ya tuta, unapigwa ubavuni ghafla. Shika usukani vizuri hapo.

Naogopa mahandaki. Ni lazima niwe na taa?

Ndiyo, hata kama umeambiwa handaki lina taa. Taa ndogo ya kumetameta ni ya kuonekana. Wewe unataka ya kukuonyesha njia. Handaki la Combe Down karibu na Bath, Uingereza, lililofunguliwa kwa baiskeli mwaka 2013, lina urefu wa mita 1,672. Umbali huo jua la nje husahaulika kabisa, na hata kiangazi unatamani koti. Vua miwani ya jua kabla ya kuingia, punguza mwendo mpaka macho yazoee, na tarajia matone kutoka juu na lami yenye utelezi chini yake. Kuna kwingine, kama Elroy-Sparta kule Wisconsin, Marekani (ya changarawe hiyo, si ya lami), ambako unatakiwa kushuka na kuikokota baiskeli hadi utokee upande wa pili.

Tairi gani zinafaa?

Zozote ulizonazo, mradi zina upepo wa kutosha. Ila nyembamba sana zitakukumbusha kila mzizi wa mti ulioinua lami.

Mama yangu ana miaka 63, hajapanda baiskeli tangu ujana. Nimpeleke?

Mpeleke. Magari hayapo, na hakuna mteremko wa kumtia hofu. Hatari iko pale njia inapokatiza barabara, na hasa kwenye zile nguzo zilizosimikwa katikati kuzuia magari. Anayetangulia anaiona nguzo na kuikwepa. Anayemfuata kwa karibu anaiona baada ya mwenzake kuchepuka, na muda umeshakwisha. Basi mwache mama atangulie, nawe ukae nyuma mbali kidogo. Na mgeuke angali anasema bado ana nguvu. Akisema amechoka, kumbukeni njia ya kurudi ni ndefu kama mliyokuja nayo.

Kumpigia mtu kengele si utovu wa adabu?

Kumpita kimyakimya ndiko utovu wa adabu. Piga mapema, si ukiwa mgongoni mwake. Uingereza kaa kushoto. Marekani na Ulaya bara, kulia. Ukikuta farasi, achana na kengele: punguza mwendo na usalimie kwa sauti, farasi ajue kuwa ni binadamu.

Reli ikihitajika tena, njia itafungwa?

Inawezekana. Marekani, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1983, njia nyingi zimehifadhiwa kwa sharti hilohilo: zitumike na umma kwa sasa, lakini treni ikitaka kurudi, irudi. Mara chache sana hutokea.