Kodi ya Kurudi Nyuma: Tulipoacha Kupigania Fedha Tukapigania Tarehe

Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Wa kwanza ulitaja kiasi, wa pili ulitaja miaka, na huo wa pili ndio ulioninyima usingizi. Ilikuwa miaka ambayo nilikwisha kuwasilisha ritani zake, yaani taarifa za mapato kwa mamlaka ya kodi, nikalipa nilichotakiwa kulipa na kufunga jalada. Sheria iliyonukuliwa kwenye barua ilikuwa na umri wa miezi minane. Kazi iliyotozwa kodi niliimaliza miaka tisa kabla sheria hiyo haijaandikwa.

Tangu siku ile nimekuwa ndani ya kampeni ya walipakodi wenye barua kama yangu, na mwaka wetu wa kwanza tuliupoteza wote. Ningependa wewe usiupoteze wako.

Tulianza tukiwa watu arobaini hivi, wengi wetu wafanyakazi wa mikataba, tukikutana kwenye kundi la WhatsApp. Kila mmoja alimwandikia mbunge wake, na kila barua ilifanana na nyingine: kiasi ninachodaiwa, nyumba nitakayoiuza, uaminifu wangu wa miaka yote. Majibu nayo yakafanana. Wabunge walitusikitikia, kisha wakatukumbusha kwamba kila raia hana budi kulipa sehemu yake. Hawakuwa watu wabaya. Mbunge ana wapiga kura maelfu wanaokatwa kodi kwenye mshahara kabla hawajaushika mkononi, na mtu anayekuja kwake kuzungumzia ukubwa wa deni husikika kama mtu asiyetaka kulipa, hata akieleza vipi.

Aliyetufumbua macho ni msaidizi wa mbunge mmoja, binti mdogo wa umri wa mwanangu. Alinisikiliza kama dakika kumi, kisha akauliza, "Samahani, mzee wangu, siku uliposaini mkataba ule sheria ilisemaje?" Nikaanza tena kueleza hasara. Akanikatiza kwa upole: "Hapana, mzee. Siku ile." Nikamwambia siku ile sheria iliruhusu. "Na serikali ilisema lini kwa mara ya kwanza kwamba itaibadilisha?" Sikujua. Nilikuwa nimeishi na jambo hili miezi kumi na moja na sikuijua tarehe hiyo.

Nenda kaitafute yako leo. Kila nafuu ninayoifahamu katika mapambano ya aina hii ilipatikana kwa tarehe. Uingereza, serikali ilitangaza kwenye bajeti ya 2016 tozo juu ya watu waliolipwa ujira wao kwa sura ya mikopo badala ya mshahara unaokatwa kodi. Sheria ikapita 2017, na ikagusa mikopo iliyotolewa tangu tarehe 6 Aprili 1999 ikiwa haikuwa imelipwa kufikia 5 Aprili 2019. Miaka ishirini. Walioguswa walikadiriwa kufikia elfu hamsini. Waliandamana, wakaandika, wakapata kundi la wabunge wa vyama mbalimbali la kuwasemea, na mwaka 2019 serikali ikamteua Sir Amyas Morse, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, aipitie tozo hiyo. Morse hakusema kodi ile isilipwe. Alisema tozo isiguse mikopo iliyotolewa kabla ya 9 Desemba 2010, kwa sababu siku hiyo ndipo serikali ilipoweka wazi sheria mpya dhidi ya malipo ya aina hiyo. Serikali ikakubali mwezi huohuo wa Desemba ripoti ilipotoka, na watu wenye mikopo ya zamani wakatoka kwenye tozo.

Ukisoma katiba za wengine utaikuta hoja ileile. Katiba ya Ugiriki haikubali kodi irudi nyuma zaidi ya mwaka mmoja wa fedha uliotangulia ule ilipotungwa. Ya Sweden inakataza kodi ya kurudi nyuma, lakini inaacha mlango: bunge linaweza kuifanya sheria ianze siku serikali ilipoliarifu kwamba inakuja. Nadhani huo ndio mpaka wa haki, na ndio tulioamua kuuomba: aliyeendelea baada ya tangazo alikuwa na habari na achukue dhamana yake, aliyemaliza kabla ya tangazo aachwe. Tulipoanza kuomba hivyo, wabunge wawili waliokuwa wametukatalia walitupigia simu wenyewe.

Mtabishana sana kuhusu neno lenyewe. Serikali itasema sheria yake hairudi nyuma, kwa kuwa inatoza kitu kilichopo leo, kama vile salio lililobaki kwenye vitabu, ijapokuwa kitu hicho kilizaliwa zamani. Hivyo ndivyo ilivyojibiwa Uingereza pia. Katika nchi nyingine maneno huwa ya wazi zaidi: sheria hutamka kwamba maana yake mpya ndiyo ilikuwa maana yake siku zote. Sisi tulipoteza wiki nyingi tukigombea jina. Acheni jina. Sema mkataba ulisainiwa siku fulani, ritani ikawasilishwa siku fulani, tangazo likatoka siku fulani, sheria ikapita siku fulani. Msikilizaji yeyote ataona mwenyewe kipi kimetangulia kipi.

Kila mwanachama wetu sasa ana ukurasa mmoja wa tarehe zake. Si hadithi, ni tarehe tu, na mbele ya kila tarehe kuna hati: mkataba, risiti ya kupokelewa kwa ritani, barua ya mshauri wa kodi, mwongozo uliotolewa na mamlaka wakati ule. Huo mwongozo ni mali, kwa sababu miongozo ya zamani huondolewa kwenye tovuti ikishabadilika. Chapisha, hifadhi. Mwenzetu mmoja alikuwa na nakala ya mwongozo uliosema waziwazi kwamba mpango kama wake unaruhusiwa, na karatasi ile moja ilifanya kazi kwenye kamati ya bunge kuliko barua zetu zote mia na kitu.

Sasa mahakama, kwa sababu kila anayejiunga huuliza kwa nini hatushtaki. Nakubali kesi, ila si kama nguzo pekee. Uingereza, sheria ya fedha ya 2008, kifungu cha 58, ilirudi nyuma hadi 1987 kuziba mpango uliotumia ubia wa kigeni kukwepesha mapato. Mlipakodi aliyeipinga alishindwa, na Mahakama ya Rufaa ikamkatalia 2011. Marekani, katika kesi ya Carlton ya 1994, Mahakama ya Juu ya nchi iliibariki sheria iliyorudi nyuma mwaka mmoja na kidogo, ikisema lengo la bunge lilikuwa halali na kipindi kilikuwa kifupi. Jaji Sandra Day O'Connor alikubaliana na wenzake, ila akaongeza kwamba kurudi nyuma zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kikao kilichotunga sheria kungezua swali zito la kikatiba. Hata pale mtu aliposhindwa, kilichopimwa ni urefu wa muda.

India inafundisha zaidi. Januari 2012 kampuni ya simu ya Vodafone ilishinda katika Mahakama ya Juu dhidi ya madai ya kodi juu ya ununuzi wa hisa uliofanyika nje ya nchi. Miezi michache baadaye bunge likabadilisha sheria, na mabadiliko yakarudi nyuma hadi 1962. Ushindi wa mahakamani ukayeyuka. Ilichukua usuluhishi wa kimataifa, ambapo Vodafone ilishinda Septemba 2020 na kampuni ya mafuta ya Cairn, iliyodaiwa kwa sheria hiyohiyo, ikashinda Desemba mwaka huohuo, ndipo Agosti 2021 bunge likayafuta madai yote yaliyohusu mauziano ya kabla ya 28 Mei 2012, siku sheria ile ilipotiwa saini. Tarehe tena. Sheria iliyotungwa bungeni hutenguliwa bungeni, kwa hiyo hata mkienda mahakamani, msilale kwenye kamati.

Na bungeni msiombe sheria ifutwe siku ya kwanza. Ombeni kitu kidogo ambacho mbunge wa chama tawala anaweza kukiunga mkono bila kuiangusha serikali yake. Wenzetu wa Uingereza walifanya hivyo Januari 2019, mbunge Ed Davey alipopenyeza kwenye muswada wa fedha kifungu kinachoilazimisha serikali kuleta ripoti kuhusu tozo ile. Ripoti tu! Lakini ilifungua mjadala, na mwaka huo haukuisha kabla ya mapitio ya Morse. Sisi tuliomba kikao kimoja cha kamati na tukakipata. Tulipeleka watu watatu, kila mmoja dakika tano na ukurasa wake wa tarehe, na tuliwachagua wasio na hasira mdomoni. Mimi sikuwa miongoni mwao, na uamuzi ulikuwa sahihi.

Jambo moja lisisubiri kampeni: pingamizi lako. Kampeni haisimamishi saa. Siku za kupinga makadirio ya kodi zinahesabiwa tangu barua, riba inaendelea kukua, na aliyechelewa anaweza kujikuta hana haki ya kurudishiwa hata sheria ikibadilishwa. Wanane kati yetu waliamini kwamba kelele zetu zinatosha, wakapitwa na muda. Wasilisha pingamizi, omba kusimamishiwa malipo, pata uthibitisho wa kupokelewa, ndipo uje tuandamane.

Watakuja pia wenye dawa. Ndani ya miezi mitatu kundi letu lilikuwa na washauri wawili waliouza mpango mpya wa kulizima deni kwa ada ya mapema. Wengi wetu tuliingia kwenye shida hii kwa kumwamini mtu wa namna hiyohiyo, aliyetuambia kila kitu kimepitishwa na mawakili. Wakataeni mapema, na mseme kwa nini.

Na tazameni afya za watu. Mamlaka ya kodi ya Uingereza yenyewe ilipeleka kwa chombo huru cha uchunguzi taarifa za walipakodi waliojiua wakiwa wameguswa na tozo ya mikopo. Kwetu kulikuwa na usiku mmoja ambao sitausahau, mwenzetu alipoandika kundini maneno ya kuaga. Alipatikana, yupo, anaendelea na matibabu. Tangu hapo watu wawili hupokea simu kwa zamu mchana na usiku, na kila mpya anapewa namba hizo pamoja na namba ya huduma ya dharura kabla hajapewa kiolezo cha barua ya mbunge. Mweleze mwenzi wako pia. Niliificha barua yangu wiki sita, na wiki hizo sita mke wangu alidhani nina ugonjwa.

Mkipata nafuu, someni masharti yake. India iliahidi kurudisha fedha, lakini bila riba, na kwa sharti kwamba kesi zote zifutwe. Uingereza, waliotolewa kwenye tozo bado waliweza kudaiwa kwa miaka ambayo uchunguzi wake ulikuwa umekwisha kufunguliwa, na malalamiko hayakuisha: Januari 2025 serikali ilianzisha mapitio mengine. Sisi tumepewa rasimu ya makubaliano mwezi uliopita. Inawaacha huru waliomaliza mikataba kabla ya tangazo, nami nimo, lakini wenzetu kumi na wanne walimaliza wiki chache baada yake, tangazo likiwa limechapishwa mahali ambapo mfanyakazi wa kawaida asingelisoma. Kikao cha kujibu ni Alhamisi. Ukurasa wangu wa tarehe hauhitajiki tena, kwa hiyo nimeshika ya hao kumi na wanne.