Barua kwa mwanangu anayesoma falsafa

Mtama, Lindi

Mwanangu,

Hatujambo, baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama uendelee na falsafa, fasihi na historia hapo Marekani kwenye koleji ya jamii, chuo cha miaka miwili, au umsikilize mjomba wako anayekuhimiza uhamie uuguzi kwa kuwa falsafa haina ajira. Endelea, baba. Lipo sharti moja tu, nitakueleza.

Kazi yangu ya ukarani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, unaijua. Mnada wa korosho huanza Oktoba, lakini shida ya mkulima haingoji Oktoba. Mahindi yakiisha ghalani, mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, anabisha hodi. Anatoa pesa leo, korosho atazichukua msimu ukifika, kwa kipimo chake na kwa bei ya kutupa. Mkulima anakubali kwa kinywa chake mwenyewe. Je, ameuza au amenyang'anywa? Sheria inakataza kangomba, na mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki ulifanyika vijijini kuwabaini wanunuzi hao. Hata hivyo, yuko mama hapa aliyechukua pesa hizo mtoto wake akiwa mgonjwa, na ananiambia wazi kwamba mnunuzi yule ndiye aliyemfaa, chama hakikuwepo. Nimjibu nini? Ridhaa ya mtu aliyebanwa na shida ni ridhaa kweli? Na anayemsaidia mtu huku akimnyonya tumwiteje? Vikao vyetu vinaishia kwenye kelele kwa sababu kila mtu ana hasira na hakuna aliyefundishwa kulitenganisha swali moja na jingine. Hilo ndilo unalojifunza wewe kwenye mantiki na maadili, na mimi nalihitaji hapa kuliko unavyodhani.

Kilima cha Tendaguru, hapa Lindi, nako ni hivyo hivyo. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale kuanzia 1909 hadi 1913, vita vya Majimaji vikiwa vimekwisha juzi tu, na watu wetu wakaibeba vichwani hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani. Mifupa iko Berlin mpaka leo. Umri wake wanasayansi wanautaja. Ni ya nani, na nani anamdai nani, hayo hayasomwi kwenye mfupa.

Sasa sharti langu. Shahada ya miaka miwili hapo kwa kawaida ni krediti 60, na mpango wako ni kuhamia chuo kikuu mwaka wa tatu. Si kila kozi hupokelewa unapohama. Nyingine huhesabiwa kama nyongeza tu, ukajikuta unalipia somo lile lile mara mbili. Kwa hiyo chagua chuo kikuu unachokitaka mapema, muhula huu. Nenda kwa mshauri wa uhamisho, mwombe makubaliano ya vyuo hivyo viwili kwa maandishi, kisha linganisha kozi moja moja. Neno la mdomo usilikubali, hata kama anayelisema ni mpole.

Mjomba wako usimkasirikie. Anaogopa ada na anakupenda. Mwambie Mkapa wa Lupaso alisoma Kiingereza Makerere, akawa mhariri wa magazeti, akaishia Ikulu. Lakini usimwambie hilo kama ahadi, maana marais ni wachache. Mwambie pia utachukua kozi ya takwimu, na uichukue kweli. Kazi utaitafuta kama wenzako wote wanavyotafuta, na uandishi mzuri utakusaidia.

Ukiyapata hayo makubaliano yapige picha unitumie WhatsApp kabla ya Oktoba, ili malipo ya korosho yakiingia mimi na baba yako tujue tunalipia nini.

Mama yako