Kuhama kutoka komyuniti koleji kwenda chuo kikuu Marekani: anza na karatasi ya chuo uendako

Mwanafunzi wa komyuniti koleji (chuo cha miaka miwili) akiuliza kama masomo yake "yatahama," karibu kila mtu ofisini atamjibu ndiyo. Jibu hilo ni la kweli, na bado linaweza kumgharimu mwaka mzima. Chuo kikuu kinaweza kupokea krediti zako zote 60 (vipimo vya uzito wa masomo) na kuziandika kwenye rekodi, kisha kikakwambia kwamba kwa fani uliyochagua zinazohesabika ni 38. Nyingine 22 zinakaa pale kama masomo ya hiari. Umezisomea na umezilipia, ila hazikusogezi karibu na digrii. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Wengi wao hawakuwa wamefeli kitu. Walisoma masomo ambayo chuo walichokwenda hakikuyahitaji.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mshauri wa masomo si kama somo linahamishika. Muulize: "Katika fani hii, kwenye chuo kikuu hiki, somo hili linachukua nafasi ya somo gani?" Akishindwa kukutajia jina na namba ya somo la chuo kikuu, bado hujajibiwa. Mpigie mshauri wa idara kwenye chuo kikuu chenyewe. Huna haja ya kusubiri kukubaliwa ndipo uongee naye. Wengi hupokea wanafunzi wa koleji.

Tutumie mfano wa California, maana ndiko kwenye koleji nyingi kuliko jimbo lolote, 116, na makubaliano yake yameandikwa wazi. Tovuti ya ASSIST inaonyesha, koleji kwa koleji na fani kwa fani, somo lipi la koleji yako linalingana na lipi la chuo kikuu. Chagua koleji yako, chuo uendako, fani na mwaka, kisha hifadhi karatasi hiyo kama faili. Iangalie tena kila mwaka, kwa sababu makubaliano hubadilika. Kuwa makini hasa na masomo yanayofungwa pamoja: fizikia ya sehemu tatu mara nyingi hukubaliwa kama fungu zima. Ukisoma sehemu ya kwanza koleji moja na ya pili koleji nyingine kwa sababu ratiba ilikuwa nzuri zaidi, unaweza kujikuta hakuna karatasi inayoziunganisha.

Jimbo hilo lina mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma, na milango yake haifanani. CSU (California State University) inapokea wenye digrii ya miaka miwili iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhama, ADT, yenye krediti 60. Mwenye ADT amehakikishiwa nafasi ndani ya mfumo wa CSU akiwa mwaka wa tatu, na akiendelea na fani inayofanana anabakiza krediti 60 tu. Hakuhakikishiwa kampasi fulani wala fani yenye msongamano, na hapo ndipo watu hujidanganya. UC (University of California) nayo inataka krediti 60 za muhula, GPA (wastani wa alama) isiyopungua 2.4 kwa mkazi wa jimbo na 2.8 kwa asiye mkazi, pamoja na masomo saba ya msingi: mawili ya uandishi wa Kiingereza, moja la hisabati, na manne kutoka nyanja nyingine. Hicho ni kizingiti cha mlangoni. Kwa fani kama kompyuta au uhandisi wanaokubaliwa huwa juu zaidi ya hapo, na masomo ya maandalizi ya fani ndiyo yanayoamua.

Kampasi sita za UC zina mkataba wa nafasi ya uhakika uitwao TAG: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Unajaza kampasi moja tu, Septemba 1 hadi 30, mwaka mmoja kabla ya kuingia. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo, na hata kwenye zile sita baadhi ya fani zimeondolewa. Ukitimiza masharti, jaza. Hilo halikuzuii kuomba kampasi nyingine.

Kalenda ndiyo inayowaponza wengi. Mtu anadhani ana miaka miwili ya kutengeneza alama. Hana. Aliyeanza koleji Agosti 2025 akitaka kuingia UC mwaka 2027 anatuma maombi Oktoba au Novemba 2026, akiwa na krediti 30 hivi mkononi. Yaani kinachosomwa na kamati ni mihula yako miwili ya kwanza, ile ambayo wengi wetu huitumia kuzoea baridi, basi na Kiingereza cha darasani. Januari utaombwa kuongeza alama za muhula uliomalizika, na usipojaza taarifa hiyo maombi yako yanakaa yakiwa pungufu. Majibu ya UC hutoka kufikia mwisho wa Aprili, na mwisho wa kukubali nafasi ni Juni 1.

Kwa wanaosoma sayansi na uhandisi, mnyororo wa hisabati ndio unaopanga kila kitu. Kalkulasi ni ya mihula mitatu, na fizikia haisomeki bila kalkulasi ya kwanza. Ukianzia aljebra ya koleji, unaongeza muhula mmoja au miwili kabla hata hujafika kwenye mstari. Kwa hiyo jaribu kupangiwa hisabati ya juu tangu mwanzo, hasa kama ulisoma hisabati Form Six au ulifanya vizuri KCSE. Peleka vyeti hivyo kwa mshauri wiki ya kwanza. Usimalize masomo yote ya jumla mwaka wa kwanza ukaacha yale ya fani kwa ajili ya mwaka wa pili, kwa maana yanasubiriana, hayasomwi kwa pamoja. Katika fani hizi ni bora ufike chuo kikuu ukiwa umebakiza masomo mawili ya jumla kuliko kubakiza kalkulasi.

Krediti za ziada nazo zina dari. UC inahesabu krediti 70 za muhula kutoka koleji; zinazozidi, somo linatambuliwa kuwa umelisoma lakini krediti zake hazihesabiwi. Na vyuo vikuu vingi Marekani hutaka krediti 30 za mwisho zisomwe kwao. Basi kukaa koleji mwaka wa tatu kwa sababu ni rahisi, dola 46 kwa krediti kwa mkazi wa California, kuna mahali panapogeuka hasara. Masomo ya Kiingereza cha wageni ya ngazi za chini kwa kawaida hayahesabiki kwenye digrii. Yasome kama unayahitaji, ila usiyaingize kwenye hesabu ya 60.

Nje ya California majina yanabadilika, hesabu ni ileile. Texas ina krediti 42 za msingi zinazokubaliwa na vyuo vyote vya umma, na namba za masomo zinafanana: tarakimu ya pili ya namba huonyesha krediti, kwa hiyo MATH 2413 ni ya krediti nne. Washington ina digrii ya DTA ya krediti 90, lakini hizo ni za robo mwaka. Zidisha kwa mbili, gawa kwa tatu, upate 60 za muhula. Ukihama kutoka mfumo wa robo kwenda wa muhula, somo la krediti 5 linakuwa 3.33, na somo la chuo uendako likiwa la krediti 4, ile pengo ndogo inaweza kukudai somo zima.

Tahadhari ya jina la digrii: AA na AS, digrii za miaka miwili za koleji, zimetengenezwa kwa kuhama, lakini AAS ni ya kazi, na chuo kikuu cha kawaida hukubali sehemu tu ya masomo yake. Uuguzi ni habari nyingine. Mwenye digrii ya miaka miwili ya uuguzi akifaulu mtihani wa leseni, NCLEX-RN, anaanza kazi, halafu anaingia programu ya RN kwenda BSN (ya kumfikisha muuguzi kwenye digrii ya chuo kikuu), mara nyingi mtandaoni, na mwajiri wakati mwingine anachangia ada. Kwa mwenye familia ya kulisha, hiyo ni njia nzuri kuliko kuhangaika kuhama katikati. Anayetaka kuingia BSN moja kwa moja aangalie tarehe: programu nyingi hazikubali anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia zilizosomwa zamani sana, kikomo kikiwa mara nyingi miaka mitano au saba.

Ulisoma mwaka mmoja chuo kikuu Dar, Nairobi au Bujumbura kabla ya kusafiri? Uandike. Fomu inauliza vyuo vyote ulivyowahi kusajiliwa, hata ulikofeli, hata ulikoacha bila kumaliza. Wapo wanaoficha transkripti mbaya wakidhani bahari ni pana mno. Likigundulika, nafasi inafutwa, na linaweza kugundulika baada ya kuanza masomo. Kinyume chake, vyeti vya nyumbani vinaweza kukupa faida: vyuo vingi huondoa sharti la lugha ya kigeni kwa mtu aliyesoma shule kwa lugha nyingine. Shule ya msingi ya Kiswahili ya Tanzania, au sekondari ya Kifaransa ya Kongo, inaweza kukuokolea mihula miwili ya Kihispania. Omba mapema, maana kupata nakala rasmi iliyopigwa muhuri kutoka nyumbani ni kazi ya miezi.

Walio kwenye viza ya mwanafunzi, F-1

Hapa kuna kuhama kuwili: kwa masomo na kwa rekodi ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Ukishapata barua ya kukubaliwa, unampelekea afisa wa wanafunzi wa kigeni wa koleji yako, mnakubaliana tarehe ya kuachilia rekodi. Ikifika tarehe hiyo, koleji haiwezi tena kuigusa, na kazi yako ya ndani ya kampasi ya zamani inakoma siku hiyohiyo. Basi ipange baada ya mitihani na mshahara wa mwisho. Ukishahitimu una siku 60 za kuomba uhamisho huo, na masomo mapya lazima yaanze ndani ya miezi mitano. Ukifika, jisajili ndani ya siku 15 za tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20 mpya, fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni. Ada ya SEVIS hulipi tena, na viza ambayo haijaisha inatumika hata kama ina jina la koleji ya zamani. Ila ukisafiri katikati, rudi na I-20 ya chuo kipya. Chuo kipya kitataka ushahidi wa fedha upya, na ada ya chuo kikuu haifanani na ile ya koleji. Barua ya benki ya baba au mjomba iandaliwe kabla ya Aprili. Na muhula wa mwisho usishushe masomo chini ya krediti 12 bila ruhusa. Somo la mtandaoni linalohesabika ni moja tu.

Fedha kwa wakazi

Msaada wa serikali haukufuati wenyewe. Ongeza namba ya chuo kipya kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada huo, vyuo vyote ulivyoomba, na ujaze kabla ya tarehe ya jimbo lako. California mara nyingi ni Machi 2. Pell, ruzuku ya serikali kuu, ina kikomo cha maisha sawa na mihula 12 ya muda wote, kwa hiyo mihula uliyojisajili ukaacha baada ya fedha kutoka nayo imekula hesabu. Mwenye GPA ya juu na uhitaji mkubwa aangalie ufadhili wa Jack Kent Cooke kwa wanaohama kutoka koleji, hadi dola 55,000 kwa mwaka. Ushindani wake ni mkali, ila watu wetu wengi hawaombi kabisa, na hilo ndilo linalosikitisha.

Ukishakubali nafasi, UC inataka transkripti ya mwisho kufikia Julai 1. Sheria ya California hairuhusu koleji kuizuia kwa sababu ya deni, ila kwenye baadhi ya majimbo mengine faini ya maegesho au kitabu cha maktaba inaweza kuzuia isitumwe, basi lipa madeni hayo Mei. Ukipata D kwenye somo uliloahidi, waandikie siku hiyohiyo kabla hawajaiona wenyewe.

Kisha omba orodha ya ukaguzi wa digrii, ile inayoonyesha kila krediti imewekwa wapi. Iweke kando ya karatasi ya ASSIST uliyohifadhi. Somo lililotupwa kwenye masomo ya hiari ilhali lilipaswa kuhesabika kwenye fani, lipiganie kwa maandishi, na silaha yako ni silabasi: yenye mada za kila wiki, kitabu kilichotumika, saa za maabara na uzito wa mitihani. Maelezo ya mistari mitatu ya kwenye katalogi hayatoshi. Silabasi ya kila somo ihifadhi siku ya kwanza ya darasa, maana mwalimu wa mkataba akiondoka koleji, mara nyingi anaondoka nayo.