Mwenzi wako hana kibali? Anzia kwenye pasipoti, si kwenye ndoa

Cheti cha ndoa hakifuti kosa la kuishi Kenya bila kibali. Wengi hapa Nairobi hudhani wakitoka Jumba la Sheria, kwa msajili wa ndoa, wakiwa mke na mume, basi yamekwisha. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inampa aliyemo nchini kinyume cha sheria faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mapenzi hayamo humo.

Kwa hiyo fungua pasipoti ya mwenzi wako, utafute muhuri wa kuingia. Mtanzania au Mganda aliyepewa miezi sita akapitiliza ana pa kuanzia, kwa kuwa kuingia kwake kuna rekodi. Aliyepita njia za panya hana, na kesi yake ni ngumu zaidi. Awe wa kwanza au wa pili, aende Uhamiaji, Jumba la Nyayo, pamoja na wakili, kabla ya kukamatwa. Broka anayeahidi kukugongea muhuri wa tarehe ya nyuma anakuuzia kosa la kughushi, nawe unakuwa mshirika. (Mkimbizi ana njia yake: Idara ya Huduma za Wakimbizi.)

Ndoa ya kiserikali inataka notisi ya angalau siku 21. Mgeni atafute pia hati kutoka kwao inayoonyesha hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Hapa linganisheni majina herufi kwa herufi: pasipoti ikisema Mohamed na hati hiyo ikisema Muhamad, mtarudishwa nyuma. Kuishi pamoja tu hakutoshi. Ndoa za kimila na za Kiislamu nazo lazima zisajiliwe.

Baada ya hapo huombwa pasi ya mtegemezi (ruhusa ya mgeni kuishi nchini kupitia mwenzi wake), kupitia mtandao. Haimruhusu kufanya kazi. Kazi inataka kibali chake. Ndoa ikifika miaka 3 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na ikifika 7, uraia kwa usajili. Tangu Katiba ya 2010 hayo ni sawa kwa mume wa Mkenya na mke wa Mkenya.

Penye uraia, sheria huuliza kama mnaishi pamoja kweli na kama ndoa haikufungwa kwa ajili ya kupata hadhi ya uhamiaji au uraia tu. Ushahidi wa miaka 7 haukusanywi kwa wiki moja. Mkataba wa nyumba uandikwe majina yote mawili tangu mwanzo, risiti za kodi zihifadhiwe, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitaje wazazi wote.