Kisukari "tunakirithi" kweli?

Dada mmoja wa Mbale, Uganda, ni VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) kijijini kwao, ameuliza: "Mwalimu, nikiwaambia watu kisukari ni ugonjwa wa kurithi wananijibu basi, mama alikuwa nacho, na mimi nangoja changu. Kwani nimekosea Kiswahili?"

Dada yangu, sarufi iko sawa kabisa, shida ni hilo neno kurithi lenyewe. Huku kwetu mtu akilisikia anaona shamba, anamuona omusika (mrithi) amevalishwa lubugo (kitambaa cha gome la mti) siku ya olumbe (sherehe ya kumaliza msiba), yaani kitu kizima kimetoka kwa mzee kimeingia kwake, hakipungui. Sasa ukimwambia amerithi kisukari anaelewa hivyo hivyo.

Kwa ugonjwa wa seli mundu neno linakaa vizuri. Pale jeni (yaani maelekezo ya mwili tunayopata kwa wazazi) ni moja, mtoto akiipata yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia anaugua tu, hata ale nini, na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji (kila mmoja ana nakala moja yenye kasoro, ila haugui) kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Lakini kisukari hiki cha ukubwani, presha, hata urefu, ni jeni nyingi mno na kila moja inasukuma kidogo kidogo, halafu chakula, uzito na mazoezi navyo vina sehemu yao. Huo urefu peke yake, utafiti wa 2022 uliochukua watu kama milioni 5.4 ulikuta sehemu zaidi ya 12,000 kwenye vinasaba zinazohusika! Ndiyo maana mtu akisema "jeni ya kisukari" kama vile ipo moja inaniuma sana, watu wanakata tamaa bure.

Na hapo nimesema zinahusika, sijasema zinasababisha, usiyachanganye. Kule Kyamulibwa, Kalungu, ambako watafiti wanafuatilia wanavijiji tangu 1989, matokeo ya 2019 yalionyesha jeni ya talasemia (ugonjwa wa damu wa kurithi) inahusiana na kipimo cha sukari cha HbA1c. Jeni yenyewe ni ya damu, inagusa chembe nyekundu ambazo kipimo kinazisoma, kwa hiyo namba inaweza kubadilika na sukari iko palepale.



Kwa hiyo kesho waambie hivi: "Ukoo wenu una kisukari, ulichorithi ni uwezekano wa kukipata, kisukari chenyewe bado, njoo tupime."